Mtu Asiyesogea

Mwaka wa sabini na nane miwa ilikuwa imeingia kila mahali upande wa Mumias, na kama hukuwa macho ungeikuta imeota mlangoni pa choo chako. Watu waling'oa mihogo wakapanda miwa, wakang'oa ndizi wakapanda miwa, na kila aliyelipwa na kiwanda alikimbilia kwa fundi cherehani kwanza, kisha studio. Ndiyo maana Milcah hakukosa kazi. Wateja walikuja na suti zinazonuka duka, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria, wakakaza shingo kama wanaopimwa kola. Aliwapiga picha, akaziosha chumba cha nyuma, akawakabidhi.

Studio ilikuwa ya mumewe, Sylvanus. Miaka miwili nyuma Sylvanus alikwenda maporomoko ya Mutsulu kupiga picha ya kalenda, akateleza kwenye jiwe, mto ukamchukua. Kamera yake ilipatikana ukingoni, imesimama juu ya stendi ya miguu mitatu kana kwamba mwenyewe amekwenda kujisaidia kidogo. Yeye hakupatikana. Vijana walipiga mbizi siku nne mpaka wakatetemeka hata kijiko kikawashinda kushika. Siku ya tano ukoo ukafanya linalofanywa mtu akipotea majini: walikata mgomba wa urefu wake, wakauvika koti lake, wakauzika nyumbani Musanda mahali palipokuwa pake.

Lakini mgomba hauzikwi hivi hivi tu. Kwanza mtu wa ukoo hutumwa palepale mwenzao alipofia. Humwita kwa jina mara tatu, kisha hurudi nyumbani akiburuta tawi la mti wa lusiola, bila kuzungumza na mtu yeyote na bila kugeuka nyuma, maana anayemfuata hapendi kutazamwa akiwa safarini. Akifika kaburini hutupiwa udongo, na hapo mambo huisha. Mgomba usipopata mwenyewe hubaki mgomba tu, na mwenyewe hubaki alipo. Kazi hiyo alipewa Osundwa, kakake mkubwa Sylvanus. Osundwa alirudi jioni na tawi lake, wakazika, watu wakala, wakaenda zao.

Milcah alibaki na jambo moja lililomkera kuliko yote. Waliosema mganga hajigangi walimjua Sylvanus. Alipiga picha nusu ya Mumias, waliozaliwa na waliokufa, lakini ya kwake hakuacha hata moja. Hata ya arusi aliipiga mwenyewe: yumo Milcah, yumo mchungaji, na kiko kiwiko cha Sylvanus akikimbilia mstari kabla kamera haijafyatuka. Kitambulisho kilikwenda naye mfukoni. Kwenye matanga waliweka kofia juu ya meza. Sasa, miaka miwili baadaye, Milcah akifumba macho aliona masikio, aliona meno, lakini uso mzima ulikataa kukusanyika, na hilo lilimliza kuliko siku aliyoletewa habari.

Basi mchapishaji wa kalenda kutoka Kakamega mjini, mzee Makhanu, akaja tena na haja yake ileile. Alitaka Mutsulu. "Lakini maji yaonekane laini, mama," alisema. "Yakae kama kitambaa. Si hii maji ya kufulia mnanipiganga kila mwaka." Milcah alikubali kabla hajajiuliza kama miguu yake itakubali.

Mara ya kwanza alifika saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Akafungua kamera sekunde nzima ili maji yapate muda wa kulainika. Alipoosha, ile picha ilikuwa nyeupe tupu kuanzia juu hadi chini, kama unga uliomwagika. Hapo akakumbuka somo la Sylvanus. Alizoea kumwambia kwamba mwanga ni maji ya bomba na filamu ni ndoo. Ukifungulia bomba lote, ndoo itajaa kabla hujageuka. Ukitaka ijae polepole, kaza bomba. Milcah akakaza. Wiki iliyofuata alikwenda kabla ya jua, akafinya tundu la lenzi hadi mwisho, akafungua kwa sekunde nane huku akihesabu kwa sauti.

Picha hiyo ilikuwa nzuri. Maji yalishuka kama shuka linalokung'utwa, na mawe yalikaa meusi kando yake. Makhanu akaifurahia, akaichukua, kazi ya kalenda ikaisha. Ila katikati ya bwawa lililo chini ya maporomoko, juu ya jiwe moja bapa, palikuwa na doa. Milcah alidhani ni tone la maji lililorukia lenzi. Akasafisha lenzi kwa pindo la leso, akaangalia tena nakala aliyobaki nayo kwa kioo cha kukuzia. Doa lilisimama wima.

Mtu mwingine angeiacha hapo. Milcah akajiambia kwamba picha inaweza kuboreshwa, na mtu akitaka kujidanganya hakosi neno zuri la kutumia.

Alikwenda kwa Kipruto, fundi wa kuchomelea vyuma pale kiwandani, aliyekuwa rafiki wa Sylvanus. Alitaka kitu cha kuzuia mwanga ili aweze kuacha kamera wazi muda mrefu zaidi. Kipruto akampa kioo cheusi cha kofia yake ya kazi. "Hii ndiyo tunavaanga tukichoma, shemeji," alisema. "Jua yenyewe haiwezi kupita. Lakini unataka kuona nini na kitu cha kuzuia kuona?" Milcah akacheka. Alikifunga kioo mbele ya lenzi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Safari hiyo alifungua kwa dakika mbili. Katikati ya muda huo wakata miwa watano, weusi kwa masizi ya shamba lililochomwa, waliteremka kuoga. Walipita mbele ya kamera mmoja mmoja, wakamsalimia, wakavuka kwa chini. Milcah alisonya moyoni akiamini picha imeharibika. Jiwe bapa lilikuwa tupu. Alilitazama kwa macho yake muda wote, na hapakuwa na mtu.

Adhuhuri, chumba cha nyuma, chini ya taa nyekundu, aliizamisha karatasi kwenye sinia ya dawa, akaitikisa taratibu. Mawe yakatokea kwanza, halafu maji. Wakata miwa hawakuwamo. Hilo halikumshangaza, kamera ikiachwa wazi muda mrefu humsahau anayepita na kumshika aliyetulia, na wale wanaume walikuwa wanatembea. Juu ya jiwe bapa, doa lilikuwa limepata mabega.

Milcah aliweka koleo mezani, akakaa kitini. Aliogopa. Alifurahi pia, na ile furaha ndiyo iliyomtisha zaidi. Kama kamera humsahau anayesogea, basi huyu alisimama dakika mbili nzima katikati ya bwawa bila kutikisa hata kidole, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuona mtu.

Wiki iliyofuata alitaka dakika nne. Lakini Sylvanus alikuwa amemfundisha jingine, kwamba filamu nayo huchoka. Dakika ya kwanza hunywa mwanga vizuri, zikiongezeka huanza kulegea, kwa hiyo ukihesabu nne uipe sita. Akaipa sita. Maji yalipiga kelele zake, ndege wakanyamaza, ukungu ukamlowesha nyusi. Jiwe lilikuwa tupu. Alipofunga kamera alisema "Asante," kisha akajikemea, kwa sababu hakujua anamshukuru nani.

Katika sinia alitokea mwanamume mzima. Mikono ya shati ilikunjwa hadi kwenye kiwiko. Bega la kushoto lilishuka kidogo kuliko la kulia, na Milcah alilijua bega hilo, lilishushwa na mkoba wa kamera uliobebwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amegeuza kichwa pembeni, na povu la maji lilikuwa limeung'arisha uso mpaka ukapotea. Akalia pale chini ya taa nyekundu, huku mikono ikinuka dawa, akilitaja jina lake kwa sauti ya chini.

Kuanzia hapo akawa mtu wa Mutsulu. Studio ilifungwa kila Jumanne na kila Alhamisi. Wateja walilalamika, wengine wakaenda kwa mpinzani wake aliyekuwa na pazia lenye simba. Milcah hakujali. Alijaribu siku ya mawingu ili maji yasing'ae sana. Akahamisha stendi kushoto, akaihamisha kulia. Akaongeza dakika, akapunguza. Kila mara Sylvanus alikuwepo, bega limeshuka, na kila mara uso ulikuwa upande mwingine. Shati lilizidi kuonekana vizuri, hata kiraka alichokishona Milcah mwenyewe mgongoni. Uso, hapana.

Wiki ya sita alizipanga picha zote mezani, zikawa kumi na moja. Ndipo akaona jambo ambalo lilikuwa mbele yake siku zote. Alikuwa amesogeza stendi huku na huku, lakini Sylvanus hakuwa amegeuka naye. Katika picha zote kumi na moja alitazama mahali pamoja, juu, kwenye njia inayoteremka kutoka Musanda. Kidevu kilikuwa kimeinuka kidogo. Alikuwa anamngoja mtu atokee kwenye njia hiyo.

Milcah akaviringisha picha moja, akapanda baiskeli, akaenda Musanda.

Alimkuta Osundwa uani na mama yao, Mama Dinah, wakipukusa mahindi. Alisalimia, akakaribishwa kigoda. Hakukaa.

"Shemeji," alimwambia Osundwa, "siku ile ulimwita ukiwa umesimama wapi?"

Osundwa akaendelea kupukusa. "Siku gani?"

"Siku ya mgomba."

"Si ni kule, Mutsulu."

"Mutsulu wapi?"

Mama Dinah aliacha kupukusa. Milcah akaikunjua picha, akamwekea Osundwa mapajani, akawaeleza juu ya zile nyingine kumi. Aliitazama muda mrefu. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ekari sita za miwa na sauti ya kuita ng'ombe bonde zima, lakini alipojibu ilibidi wainame kumsikia.

"Sikufika," alisema. "Nilifika kwa daraja ya barabarani tu. Miwa yangu ilikuwa imechomwa hiyo usiku, Milcah, na trekta ya kubeba imekuja asubuhi. Miwa ikichomwa ikalala, inakauka, kiwanda inaikataa. Dereva akasema anangoja saa moja tu. Nikamwitia pale kwa daraja. Nikasema ni mto ile ile, maji itampelekea."

"Maji ilikuwa inatoka kwake kuja kwako," alisema Mama Dinah polepole. "Sauti itapandaje?"

Osundwa akafunika uso kwa mikono yake yenye makapi. Alilia vibaya, kama mtu ambaye hajazoea. Alisema tangu siku ile hajalala vizuri, na miwa yenyewe ilipopimwa ilikuwa nyepesi. Akasema atakwenda sasa hivi. Lakini mama yake alitikisa kichwa. "Wewe umeshamdanganya. Hatakufuata." Akamgeukia Milcah. "Si kazi ya mke, hiyo tunajua sote. Lakini ni wewe amekuwa akikuonyesha mgongo wiki zote hizi ili uelewe. Enda wewe, mwanangu. Mimi nitangoja na udongo."

Asubuhi ya pili yake, Milcah aliteremka Mutsulu na tawi la lusiola mkono mmoja. Mkono mwingine ulibeba kamera. Hakumwambia mtu. Alikuwa amefikiri usiku kucha, na mpango ulikuwa rahisi. Anayemtazama mwenye kuja hutazama njia. Kwa hiyo stendi ingesimama katikati ya njia, palepale mwitaji anaposimama, na kwa mara ya kwanza Sylvanus angekuwa ametazama kamera. Dakika sita tu. Apate uso kwanza, kisha amwite. Mtu aliyengoja miaka miwili dakika sita zitamdhuru nini?

Akafunga kioo cheusi, akafinya lenzi, akafungua.

Dakika ya kwanza alihesabu. Dakika ya pili alihesabu. Jiwe lilikuwa tupu mbele yake, likitiririkwa na maji ya baridi, na alijua kwamba amesimama pale akimtazama machoni. Dakika ya tatu akaanza kufikiri kuhusu mawingu. Kulikuwa na weupe mwingi upande wa kulia. Huenda uso ungeng'aa tena. Pengine ingefaa arudi Alhamisi, anga likiwa zito, aipe dakika nane. Asubuhi moja zaidi si kitu. Na kama hiyo nayo isingetoka vizuri, basi Jumanne.

Hapo Milcah alijisikia mwenyewe, akaona aibu hadi masikio yakawaka. Osundwa alimwacha mtu huyu majini kwa sababu ya trekta moja, siku moja. Yeye alikuwa amemwacha wiki sita, akimwona, kwa sababu ya picha. Na hangekoma. Alijijua. Picha yoyote inaweza kuboreshwa.

Dakika ya nne ilikuwa haijaisha. Kamera ilikuwa bado wazi. Akijua kabisa kwamba anayesogea hupotea kwenye picha, Milcah akainua sauti juu ya kelele za maji.

"Sylvanus. Sylvanus. Sylvanus. Twende nyumbani."

Akageuka, akashika njia, tawi likiburuta nyuma yake. Stendi aliiacha pale ilipo.

Kwa hatua ishirini hakusikia kitu ila tawi. Kisha, chini kabisa, akasikia mtu akitoka majini. Ni sauti ambayo kila aliyekulia karibu na mto anaijua, miguu kwanza, halafu maji mengi yakidondoka kwenye nguo kwa pamoja. Aliuma meno akaendelea kutembea.

Kwenye daraja la magogo alivuka kwa upesi. Gogo la katikati lilibonyea kwa uzito wake, likarudi. Alipokwisha kanyaga ng'ambo, likabonyea tena. Katika shamba la miwa njia ilikuwa nyembamba, na majani yaliyofunguka kumpisha hayakujifunga nyuma yake mara moja. Alikutana na Risper wa kwaya, aliyemsalimia kwa furaha, kisha akamkasirikia kwa kutoitikiwa, kisha akatazama nyuma ya bega la Milcah na kujitosa kwenye miwa, kikapu na kila kitu. Barabarani, trekta la miwa lilisimama kumpisha. Milcah akavuka. Alingoja kusikia injini ikiondoka, lakini dereva alikaa vile vile kwa muda, kama mtu anayempa nafasi mwingine amalizie kuvuka, ndipo akatia gia.

Alitamani kugeuka. Si kwa woga. Woga ulikuwa umebaki mtoni. Alitamani kwa njaa. Uso alioukosa miaka miwili ulikuwa hatua tatu nyuma yake, mchana kweupe, na ilitosha kugeuza shingo. Shingo ilimuuma kwa kuizuia. Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulishika tawi na wa pili aliukunja ngumi ili usifanye ujinga wowote.

Uani Musanda kuku walikimbilia chini ya ghala. Osundwa alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameinamisha kichwa, hakuthubutu kukiinua. Mama Dinah alisimama kando ya kaburi na udongo kwenye viganja viwili. Milcah alimwona akiangalia njia, akamwona akimwangalia yeye, kisha macho ya mama yakapanda juu kidogo, nyuma ya bega lake la kushoto, yakatulia hapo.

"Umelowa sana, baba," alisema. "Pita, ulale."

Akautupa udongo. Milcah akahisi baridi ikimpita ubavuni, karibu kabisa, mpaka upande mmoja wa gauni lake ukashikamana na mwili kwa unyevu. Kisha hakuna kitu. Kuku walitoka chini ya ghala wakaendelea kuchakura.

Aliposhikwa mkono kuambiwa kwamba sasa anaweza kugeuka, aligeuka, akaona njia, miwa, na tawi lake. Walikaa chini kando ya kaburi, yeye na mama mkwe.

"Mama," Milcah aliuliza mwishowe, "anafananaje?"

"Vile vile. Amekonda tu."

"Alikuwa anakuangalia?"

Mama Dinah alikung'uta udongo uliobaki mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nilimwita baba, nikamkaribisha kwake, mimi niliyemzaa," alisema, "na hata hivyo hakuniangalia. Alikuwa anakuangalia wewe."